Mamluki Mmoja na Akina Léonard Wawili

Kwa miaka mingi ya utawala wa Wabelgiji, Bukavu iliitwa Costermansville. Paul Costermans, ambaye jina lake lilikaa kwenye ramani na mihuri ya posta ya mji huu wenye rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu, alikuwa kaimu gavana mkuu wa Dola Huru ya Kongo. Machi 1905, huko Boma, upande wa pili kabisa wa nchi, alijikata koo kwa wembe. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Mfalme Leopold II ilikuwa imetoka kumweleza iliyoyakuta bara: vijiji vilivyochomwa, wanawake waliofungwa kama mateka mpaka waume zao walete mpira, maiti zilizokatwa mikono.

Tume hiyo ilizaliwa na ripoti ya Roger Casement, konseli wa Uingereza aliyepanda mto Kongo mwaka 1903 akiandika ushahidi wa walioumizwa. Casement amepata riwaya yake. Mario Vargas Llosa alimwandikia El sueño del celta, iliyotoka mwaka 2010, mwaka uleule mtunzi huyo alipopewa Tuzo ya Nobel. Na Casement ni mhusika mgumu kweli: mtetezi wa wanyonge wa Kongo na wa Amazon, mtumishi aliyepewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza, kisha msaliti wa ufalme huohuo, aliyenyongwa London tarehe 3 Agosti 1916 kwa kutafuta silaha za Wajerumani ili Ireland ijikomboe. Zilikuwepo pia shajara zake za siri kuhusu mapenzi yake na wanaume, ambazo serikali ilizipitisha chini kwa chini kwa wakubwa ili asipatikane wa kumwombea. Vargas Llosa aliamua kwamba shajara ni za Casement mwenyewe, ila mengi aliyoyaandika humo aliyatamani tu, hakuyatenda. Uamuzi huo una heshima ndani yake, na una kukwepa kidogo pia, kwa sababu unamruhusu msomaji ampende shujaa bila kutoa jasho. Lakini angalau mtunzi aliusema waziwazi mwishoni mwa kitabu, kwa sauti yake mwenyewe.

Costermans aliachiwa mji, na baadaye mji ukalivua jina lake. Alisimamia uhalifu kwa miaka, kisha akashindwa kuishi baada ya kusomewa uhalifu huo. Je, ilikuwa aibu? Hofu ya kupoteza cheo? Mwanahistoria akifika kwenye wembe hana la kuongeza. Mtunzi ndiye mwenye ruhusa ya kuingia chumbani.

Bukavu imeguswa na riwaya kadhaa mashuhuri, nyingi zikiwa kazi za watu waliokuja kwa wiki chache au wasiokuja kabisa. Waandishi hao wanajua vizuri kwamba binadamu si mweupe wala mweusi moyoni. Tatizo lao liko kwenye mgao. Nafsi yenye mikunjo, inayosita, inayotenda ubaya na kujutia, hupewa mgeni. Mwenyeji hupewa unyama, au utakatifu, au nafasi ya kupiga kelele nyuma ya jukwaa. Hakuna mwaka unaoonyesha mgao huo vizuri kuliko 1967.

Tarehe 30 Juni 1967, ndege iliyombeba Moïse Tshombe, kiongozi wa zamani wa Katanga iliyojitenga, ilitekwa nyara angani na kupelekwa Algeria. Siku tano baadaye mamluki wa Kizungu waliokuwa wakilitumikia jeshi la Mobutu waliasi Kisangani. Mfaransa Bob Denard alijeruhiwa na kusafirishwa nje ya nchi. Aliyebaki na uongozi ni Jean Schramme, Mbelgiji mzaliwa wa Bruges, mkulima wa mashamba makubwa katika mkoa wa Orientale, aliyekuwa ameunda kikosi chake na kukiita Chui. Akarudi nyuma kwa njia ya Punia, kisha Agosti akaiteka Bukavu. Alikuwa na Wazungu wasiozidi mia mbili. Jeshi lake lenyewe lilikuwa askari mamia kadhaa wa Katanga, wengi wakiwa wameandamana na wake na watoto wao.

Alimpa Mobutu siku kumi akubali mazungumzo. Mobutu hakukubali. Kwa takriban miezi mitatu mji ukawa kisiwa cha vita: mamluki wakiwa kwenye nyumba za kando ya ziwa zilizojengwa kwa ajili ya starehe za walowezi, jeshi la taifa likiwa kwenye vilima linapiga mizinga, wakazi wakikimbilia vijijini kwa Bashi au kuvuka Ruzizi kuingia Rwanda. Maduka yalivunjwa na pande zote. Mwanzoni mwa Novemba ulinzi ulivunjika, na Schramme na watu wake wakavuka daraja hadi Cyangugu, ambako walinyang'anywa silaha na kuwekwa kambini.

Miaka miwili baadaye Schramme alichapisha Paris kitabu chake, Le Bataillon Léopard. Kwenye jalada anajitambulisha kama Mwafrika mweupe. Kinaitwa kumbukumbu, lakini kimejengwa kama riwaya ya kihistoria, na mwandishi amejipa sehemu ya mhusika mkuu. Humo yeye ni baba wa askari wake, mkulima anayeipenda ardhi, mwanajeshi anayesalitiwa na wanasiasa. Si uongo mtupu. Askari wake walimfuata kweli kwa uaminifu ambao hauelezeki kwa mshahara peke yake, na alikuwa amefika Kongo kijana mdogo na kuifanya kwao. Hapo ndipo kitabu kinapata nguvu, na hapo ndipo kinapokuwa hatari, maana msomaji akishauona upendo huo huacha kuuliza upande wa pili.

Upande wa pili ulifika mahakamani. Mwaka 1986 mahakama ya Ubelgiji ilimhukumu Schramme kifungo cha miaka 20, akiwa hayupo, kwa mauaji ya Maurice Quintin, mfanyabiashara Mbelgiji aliyeuawa Yumbi mwaka 1967 baada ya kushukiwa kuwa jasusi wa Mobutu. Schramme alikuwa Brazil, na huko akafa mwaka 1988 bila kutumikia hata siku moja. Vita vyake viliua Wakongomani wengi, raia na askari. Kesi iliyomtia hatiani ilihusu Mzungu mmoja. Mtunzi anayetafuta kejeli ya historia hana haja ya kubuni.

Wakati huo riwaya za mamluki zilikuwa zimeshaanza kuuzwa kama njugu. Frederick Forsyth, aliyekuwa mwandishi wa habari katika vita vya Biafra, alitoa The Dogs of War mwaka 1974. Shujaa wake, Cat Shannon, amepewa historia inayopitia kuzingirwa kwa Bukavu chini ya Schramme. Kwa Forsyth, Bukavu ni mstari katika wasifu wa mtu, kama cheti cha shule: inathibitisha kwamba jamaa huyu amepikwa akaiva. Na Shannon ana dhamiri. Mwishoni anamgeuka tajiri wa madini aliyemkodi na kuikabidhi nchi kwa watu anaoona wanaistahili zaidi, kisha anajiua. Rais dhalimu anayepinduliwa katika kitabu hicho, ambaye wasomaji walimtambua haraka kuwa kivuli cha Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta, hana chumba chochote ndani ya moyo wake. Ni wazimu na ukatili tu. Daniel Carney naye, katika The Wild Geese, alichukua tetesi za kutekwa kwa Tshombe na kumtengenezea kiongozi wa kubuni anayeitwa Limbani, mwema kupita kiasi. Katika filamu ya mwaka 1978, Limbani mgonjwa anabebwa mgongoni na mamluki Kaburu huku akimfundisha kusameheana. Tshombe wa kweli alikuwa mfanyabiashara, msemaji hodari, mpenda anasa, mtu ambaye serikali yake ilimpokea Lumumba akiwa hai tarehe 17 Januari 1961 na usiku uleule akauawa. Katika kumgeuza kuwa Limbani, walimpora hatia, na hatia ndiyo iliyokuwa ikimfanya astahili kuandikwa.

Sasa tuwaangalie waliosahauliwa na riwaya hizo. Mji huu una akina Léonard wawili.

Wa kwanza ni Léonard Mulamba. Agosti 1964 waasi walioitwa Simba walikuwa wameichukua Kisangani, na Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi tangu Mei. Kamanda wa Simba, Nicolas Olenga, akateremka na watu wake kuishambulia Bukavu. Kati ya tarehe 19 na 21 Mulamba, akiwa kanali, aliwashikilia askari ambao kwingineko walikuwa wakitupa bunduki na kukimbia, na kwa msaada wa ndege za Wamarekani mji ukaponea. Huo ulikuwa miongoni mwa ushindi wa kwanza wa maana wa serikali dhidi ya Simba, na kwa Wabukavu wengi ulimfanya mkombozi. Place Mulamba, katika Ibanda, bado ina jina lake.

Sehemu ya pili ya maisha yake haikuandikwa kwenye kibao. Novemba 1965 Mobutu alipotwaa madaraka, Mulamba ndiye aliyefanywa waziri mkuu. Tarehe 2 Juni 1966, wakati waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba na wenzake watatu waliponyongwa hadharani Kinshasa mbele ya umati mkubwa, Mulamba alikuwa waziri mkuu wa serikali iliyofunga kitanzi. Mwezi uliofuata askari wa Katanga waliasi Kisangani. Mulamba alikwenda kuzungumza nao badala ya kuwapiga, Mobutu akamlaumu kwa ulegevu, na Oktoba akamvua uwaziri mkuu. Tangu hapo alizungushwa kwenye balozi za mbali: India, Japan, Brazil. Ndiyo, Brazil, nchi ileile Schramme alikoishia. Mtunzi akibuni hivyo ataambiwa anatia chumvi.

Mtu huyu si msaliti wala mtakatifu. Aliokoa mji, akakipa sura ya heshima kiti cha dikteta, akanyamaza mbele ya kitanzi, kisha akaangushwa kwa sababu alikataa kumwaga damu. Riwaya ya kumhusu ingeanza vizuri siku ile ya Juni, si siku ya ushindi.

Wa pili ni Léonard Monga, kanali wa Katanga aliyetangazwa na waasi, Agosti 1967, kuwa mkuu wa serikali ya wokovu wa umma yenye makao Bukavu. Vitabu vingi vinampa mistari miwili: kibaraka wa Schramme, basi. Inawezekana. Mamluki walihitaji uso mweusi mbele ya waandishi wa habari. Lakini Monga na askari wake walikuwa na hesabu yao wenyewe na Mobutu. Walikuwa wamebaki jeshini baada ya Tshombe kuondolewa, wakijua hawaaminiki. Mwaka mmoja tu nyuma, wenzao walioasi Kisangani walikuwa wamevunjwa nguvu kwa msaada wa haohao mamluki wa Denard. Mtu anayeungana na waliompiga jana ana mengi ya kusema usiku. Nani aliyemshawishi, na kwa ahadi gani? Schramme anajibu kwa niaba yake, na ni jibu la mwenye nyumba anayesimulia mawazo ya mtumishi.

Tofauti kati ya mwisho wa mamluki na wa askari wa Katanga inauma. Aprili 1968 mamluki walirudishwa Ulaya kwa ndege kupitia Msalaba Mwekundu, baada ya kuahidi kutorudi Afrika. Askari wa Katanga walikuwa wamekwisha kurejeshwa Kongo kwa ahadi ya msamaha, na wanahistoria wanaeleza kwamba wengi wao waliuawa. Walioweza kwenda nyumbani wakaandika vitabu.

John le Carré alikuja na kitu bora zaidi. The Mission Song ilitoka mwaka 2006, mwaka wa uchaguzi mkuu wa Kongo, na mtunzi aliizuru Kivu kabla ya kuichapisha. Mhusika mkuu, Salvo, ni mtoto wa padri Mzungu na mama Mkongomani, mkalimani anayezijua lugha za Kivu, Kishi na Kiswahili zikiwemo. Anapelekwa kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Ulaya, ambako kampuni moja ya siri inawakutanisha wakubwa wa Kivu ili wakubaliane kuiteka Bukavu kabla ya kura. Hakuna jina la kweli la mwanasiasa, ila kila anayeifahamu Kivu ya miaka ile anasikia harufu za watu anaowajua. Mzee wanayemwita Mwangaza anahubiri amani na umoja, na ameshauzwa. Haj, mtoto wa tajiri wa Bukavu, anavaa kwa majivuno na kuzungumza kwa dharau, na msomaji anamchoka mapema. Kisha anateswa na waandaaji wa mkutano huku Salvo akisikia kila kitu kwa vipokea sauti. Baada ya mateso, Haj anadai mamilioni ya dola na kusaini. Ni mwoga? Ni mjanja anayetafuta njia ya kutoka akiwa hai ili akavuruge mpango? Le Carré anamwachia mikunjo yake. Kijana wa Bukavu kapewa hatimaye nafsi nzima, japo sikio linalotusimulia bado limekaa Ulaya.

Kuficha majina si woga siku zote. Aimé Césaire, katika tamthilia yake Une saison au Congo ya mwaka 1966, alimwacha Lumumba na jina lake la kweli, lakini Mobutu akamwita Mokutu na Kasa-Vubu akamwita Kala-Lubu. Mwaka huohuo Mobutu alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa, na kwenye toleo la baadaye Césaire akauongeza unafiki huo: Mokutu anamsifu marehemu mbele ya umati, kisha umati ukichangamka mno anaamuru risasi. Herufi moja iliyobadilishwa ilimpa mtunzi uhuru wa kuingia kichwani mwa mtu aliyekuwa hai na mwenye jeshi.

Lakini mfano ambao mwandishi wa Bukavu angeufaidi zaidi uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na umeandikwa kwa Kiswahili. Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa kweli, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa kusini dhidi ya Wajerumani. Walimnyonga Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa vibichi kabisa. Hussein alionya katika utangulizi kwamba mtu wa kwenye tamthilia si yule wa historia. Kisha akafanya jambo ambalo wazalendo wengi wa wakati ule wasingethubutu: alimtia shujaa wa taifa shaka. Kinjeketile wake anagundua kwamba neno alilolitoa limemponyoka, watu wanalitumia kwa namna ambayo hakuitaka, na maji hayatazuia risasi. Mwishoni Wajerumani wanamtaka aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua kauli hiyo itatumiwa dhidi ya wajukuu. Anakufa akilinda jambo ambalo hana tena hakika nalo. Hadhi yake haikupungua hata chembe, na wanafunzi wa Tanzania wameisoma tamthilia hiyo kwa miongo kadhaa bila taifa kuanguka.

Kwa kipimo hicho, mtihani mgumu kuliko yote Bukavu ni Christophe Munzihirwa. Mjesuiti, mzaliwa wa Burhale, askofu mkuu wa Bukavu tangu 1994. Mwaka 1971, serikali ilipowaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium, yeye aliyekuwa mlezi wao wa kiroho aliomba aandikishwe pamoja nao. Miaka 25 baadaye, tarehe 29 Oktoba 1996, askari wa Rwanda walioingia pamoja na waasi wa AFDL walimuua katika njia panda ya Nyawera, na mwili wake ukabaki barabarani hadi kesho yake. Wabukavu walimpenda na bado wanamtaja kama baba. Kanisa limeanza safari ya kumtangaza mwenye heri, na hapo ndipo mwandishi anapokuwa matatani, maana utakatifu rasmi huwa na haraka ya kunyoosha.

Miaka miwili ya mwisho ya Munzihirwa haikunyooka. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya Wahutu walifurika Kivu. Kambi za Kashusha na Inera, upande wa Kavumu, zikawa miji. Askofu aliandika barua baada ya barua kwa wakubwa wa dunia akipinga wasirudishwe kwa nguvu na akionya kwamba vita vinakuja. Kuhusu vita alikuwa sahihi. Kigali ilimwona mtetezi wa wauaji. Kambini walikuwemo akina mama waliokimbia na watoto mgongoni, na walikuwemo walioshika mapanga, wakiwa bado na orodha na uongozi wao, wakigawiwa posho kwenye foleni moja. Aliwajua hao wa pili? Alipata kukaa nao meza moja? Alipowasemea wote kwa pamoja, alikuwa anafuata Injili, anapima siasa, au anabeba hasira ya mji uliolemewa na wageni?

Mtunzi atakayemwandika atakutana na watu ambao Forsyth na Carney hawakulazimika kukutana nao. Waliokuwa na miaka kumi au ishirini siku askofu alipouawa wangali Kadutu, Bagira na Ibanda, wanajua alikuwa anatembea vipi, alipenda utani gani, na watasoma kila ukurasa kalamu nyekundu mkononi. Ng'ambo ya Ruzizi wapo walionusurika mauaji ya 1994, nao watasoma wakitafuta sura moja tu, ile ya foleni ya posho.